Kengele ya Maji ya Chumvi

Ghala la baridi pale Gerezani lilikuwa mali ya umma, kwa hiyo kila mtu alilijua kuliko mimi fundi wake. Mashine ilipoza maji ya chumvi, pampu ikayasukuma kwenye mabomba yaliyozunguka chumba cha nyama. Maji yakipata joto kupita kiasi, kengele hulia. Siku moja ililia tangu asubuhi, na ndani mlikuwa na nyama ya ng'ombe mzima ya mzee mmoja, muuza nyama wa Kariakoo, aliyoihifadhi kwa harusi ya bintiye Jumamosi.

Nilimwambia meneja pampu imeziba kwa kutu, tuizime nusu siku niifungue. Akakataa. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, naye alikwisha kuwaahidi kwamba mitambo yetu haisimami. Badala yake akaitisha mkutano wa wafanyakazi. Karani wa mapokezi, mpishi wa chai na walinzi wakakaa kwenye mabenchi kujadili joto la maji! Mmoja akasema kengele inawakatisha tamaa wananchi. Mwingine akauliza kama hii si hujuma, huku akinitazama mimi. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba alama ya hatari kwenye kipimo, ile inayoliza kengele, ipandishwe. Meneja mwenyewe akashika bisibisi, akaisogeza, kengele ikanyamaza, wakapiga makofi. Ujinga nimeuona mwingi, lakini ule ulikuwa na ajenda na mwenyekiti.

Nikamwita mzee aje achukue nyama yake. Alikuja, meneja akamwahi mlangoni.

“Mzee wangu, kengele umeisikia?”

“Sijaisikia.”

“Basi nenda kapumzike.”

Akaenda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakumjua meneja wetu. Jumamosi alfajiri tulipofungua chumba, harufu ilitutoa nje sote. Meneja, leso puani, alimwonyesha mzee kipimo kwamba joto bado halijafika kwenye alama. Nilitamani kumfungia humo ndani.

Harusi ikaliwa kwa wali na maharage. Meneja alikuja, akakaa mbele, na alipopewa nafasi ya kuongea akampongeza mzee kwa kuepuka anasa za kibepari. Watu wakapiga makofi. Mzee aliinamisha kichwa. Bibi harusi alikuwa akilia, na wageni wakasema ndivyo mabinti walivyo wanapoagana na mama zao.