Mkeka wa Mgeni

Siku lava ilipovuka barabara ya chini, majirani wote wa Leimomi walikuwa wanapakia magodoro. Yeye alikuwa anafagia.

Alifagia vyumba vyote, akafuta vumbi juu ya kabati ambako hata yeye mwenyewe alikuwa hajafika tangu mumewe afariki, kisha akatoka uani kung'oa magugu. Ndivyo wafanyavyo watu wa Puna, upande huu wa kisiwa cha Hawaii ambako ardhi hupasuka bila kubisha hodi. Bibi Pele, mungu wa kike mwenye volkano, akiamua kuja kwako, unamwandalia nyumba kama unavyomwandalia mgeni yeyote wa heshima. Leimomi alikuwa mwimbaji wa kanisani na Jumapili hakosi, lakini hakuona mgongano wowote hapo, na mchungaji naye alikuwa na akili ya kutomuuliza.

Jirani yake Makoa alisimamisha gari lake dogo la mizigo langoni, akamtazama akikwangua ukoko kwenye jiko.

"Tutu," alisema, akimwita bibi kama walivyomwita wote mtaani, "mimi mkwe wangu ananijua miaka mingi na hajawahi kunisugulia jiko hivyo."

"Mkwe wako anakujua," Leimomi alimjibu. "Ndiyo maana."

Makoa alicheka, akashuka kusaidia kubeba. Walitoa picha za ukutani, cherehani, na sufuria ya kupikia majani ya taro. Binti yake Leimomi, Kawehi, aliyekuwa amekuja mbio kutoka hotelini anakofanya kazi, upande wa pili wa kisiwa, alipiga magoti sebuleni na kuanza kukunja mkeka mkubwa. Hapo ndipo mama yake alipoweka ufagio chini.

Mkeka ule ulianzwa na mama yake Leimomi, mikono ikamshinda, na Leimomi akaumaliza. Majani yake yalitoka kwenye miti ya mikadi ya nyuma ya nyumba, iliyopandwa na bibi yake. Majani marefu na laini, ukishayatoa miiba na kuyakunjua yanatulia mkononi kama kitambaa. Kila mwaka Kawehi aliahidi kuja kujifunza kusuka. Kila mwaka ilikuwa Krismasi ijayo.

"Uache ulivyotandikwa," Leimomi alisema.

"Mama, huu hapana. Chukua huu, tuache vingine vyote."

"Mgeni aje akae wapi? Kwenye mbao tupu?"

"Mgeni gani, mama? Anakuja kuchoma nyumba!"

"Ardhi ni yake. Sisi tuliazimwa tu." Leimomi aliunyoosha mkeka kwa mguu. "Huwezi kumpa mtu makombo halafu ukamwomba apite pembeni."

Basi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Hakuwa anaaga, alikuwa anabembeleza. Aliamini akitoa kilicho bora, huenda Pele akaridhika na kuizunguka nyumba. Kawehi aliuachia mkeka na kulia bila kujificha. Leimomi aliweka shada la maua katikati ya mkeka, akafungua madirisha yote na mlango wa mbele, akauzuia kwa jiwe usije ukajifunga, kwa maana mgeni hapokelewi kwa mlango uliofungwa. Kisha akapanda gari la Makoa.

Walimpeleka kwa dada yake, kwenye kilima. Kutoka barazani paa la bati la kijani lilionekana vizuri, na nyuma yake mikadi. Lava ilishuka polepole, nyeusi juu, nyekundu pembeni, ikitafuna miti ya mipera na nguzo za umeme, na hakuna aliyekuwa na la kufanya zaidi ya kukaa na kutazama. Kinachouma kuliko vyote ni huo upole wake. Inakupa muda wa kutosha wa kutumaini.

Ilipofika uzio wa Leimomi ilisita, ikavimba, ikapinda. Makoa alisimama kwenye kiti. Ikaizunguka nyumba. Watu barazani walimkumbatia Leimomi wakimwambia amesikilizwa, naye akatikisa kichwa kuwakubalia, macho yakiwa kwingine. Lava ilikuwa imeingia kwenye mikadi. Miti iliwaka mmoja baada ya mwingine, pamoja na mizizi yake inayosimama kama magongo, mpaka hapakuwa na mkadi hata mmoja.

Mikadi hakuwa ameitoa. Haikumpitia hata akilini kwamba ingeweza kuchukuliwa.

Nyumba ilibaki imezingirwa pande zote na mawe ya moto. Maofisa walisema barabara haipo tena, na itachukua miezi kabla mtu hajaweza kukanyaga pale. Makoa alijaribu kubishana nao, kisha akaacha. Walikuwa wanasema kweli.

Jioni ile Kawehi alikuja kuketi karibu na mama yake. Alimwambia safari hii hatangoja Krismasi, amfundishe kusuka. Leimomi alimshika mkono, akaanza kumweleza namna ya kuchagua jani, akaishia njiani.

"Si kitu," Kawehi alisema. "Mkeka upo. Tutaufuata siku moja, utanifundishia hapo hapo."

Mvua ilianza kunyesha, mvua nzito ya Puna, inayokuja kwa ubavu na upepo wa baharini. Bado paa la kijani lilionekana.

"Mama," Kawehi aliuliza, "mlango uliufunga?"