Foili za Engracia

Kila ile ndege isiyo na rubani ilipopaa kutoka kambi ya jeshi iliyo jirani, Engracia Naputi alisonya. Mabawa marefu, dirisha hata moja haina. "Kipofu huyo anaenda zake," aliwaambia majirani zake wa kijiji cha Yigo, kisiwani. "Atashinda huko juu na kukesha, anachungulia meli za watu. Sisi tunaambulia kelele."

Kwa ubishi mama huyu humwezi, na kwa foili, yale makaratasi ya kung'aa ya kufungia chakula, ndiyo usiseme. Mgeni hatoki kwake bila kifurushi cha wali mwekundu na kuku wa ndimu. Mumewe Gonzalo akienda kuvua, mashua ilijaa vifurushi.

"Mke wangu, naenda kuvua au kufungua hoteli?"

"Beba. Ukipata njaa huko utamgongea nani mlango?"

Safari moja injini ikamzimikia, redio nayo ikafa, mkondo ukamchukua. Helikopta zilitafuta mpaka waokoaji wakasema eneo limekuwa kubwa mno kwao. Engracia hakulia. Alipika kama kawaida na kumwekea Gonzalo sahani yake mezani, na dada yake Beva, aliyezoea kumtania, safari hii akaongeza kijiko kando ya sahani.

Ndipo kambini wakaituma ile ndege ipite huko. Kesho yake simu ikalia: Gonzalo amepatikana, ngozi imebabuka, lakini mzima.

Jumapili, baada ya misa, binti mmoja mwanajeshi kutoka kambini alibisha hodi. Aliitwa Dana, na kazi yake ni kutazama picha zinazotumwa na ndege hiyo.

"Mama, niliona kitu kinameta baharini. Nilidhani ni povu. Nikavuta picha karibu, kumbe ni foili, zimetandazwa mashua nzima."

"Chakula kiliniishia," Gonzalo alisema, "nikazikunjua zote nikazibana kwa nyavu. Foili nilikuwa nazo nyingi kuliko maji."

Hapo Engracia akalia, machozi ya siku zote zile. Alimshika Dana mikono yote miwili. "Asante, mwanangu. Asante sana. Na ndege yako nimeitukana miaka."

"Haisikii, mama."

"Wewe unasikia. Nisamehe."

Dana alipoinuka kuaga, alimkuta Engracia amesimama mlangoni na vifurushi kifua kizima.

"Mama, nimeshiba kweli. Na kambini chakula kipo."

Engracia alifungua mdomo, lakini Gonzalo alimtangulia.

"Beba, mwanangu," alisema. "Wewe beba tu."