Maji ya Mchele kwa Ndege wa Bibi Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza hapa Tabora, nyapara wa bustani alinikabidhi panga, fagio na bakuli pana la udongo. "Hili ni la ndege," alisema. "Likikauka, na wewe umekwisha." Nilidhani ananitania.

Bustani ilikuwa ya daktari Mwingereza. Mkewe, tuliyemwita Bibi Daktari, alipenda ndege kuliko maua, na yeye ndiye aliyenifunza. Maji yasizidi kina cha kidole, maana tetere, njiwa mdogo, haogelei. Katikati huwekwa jiwe lenye kukwaruza ili kucha zishike. Bakuli husuguliwa kwa mchanga na majivu, sabuni marufuku, na hukaa mbali na kichaka anachojificha paka. Ua wa minyaa uliozunguka bustani haukuguswa tangu mvua za kwanza mpaka makinda ya shore, ndege waliojenga humo, yaruke. Hiyo ni kazi, wajukuu zangu, msidhani ni kumwaga maji tu.

Kiangazi kimoja Bibi Daktari na mumewe walikwenda likizo kwao, na maji ya mji yakapungua. Bwana Maji, mkubwa wa mabomba, akapiga marufuku maji ya bomba bustanini. Amri ilikuwa ya haki. Watu walipanga foleni na madebe. Nyapara akalifudikiza bakuli. Asubuhi tetere walikuja, wakasimama juu ya kitako chake midomo wazi. Roho iliniuma. Nikasema hapana, hawa hawafi mimi nikiwa hapa.

Kwetu, mtaa wa Cheyo, mke wangu alipika wali wa kuuza sokoni. Nilimwomba maji aliyokwisha kuoshea mchele.

"Baba Zuhura, hayo anakunywa mbuzi! Ndege wako wana mabawa, waruke wakatafute mto."

"Mto gani, Mama Zuhura? Yote mchanga mtupu."

Alisonya, lakini alinipa. Kila alfajiri nilibeba debe kichwani, watu wakinicheka njia nzima.

Nyapara alipoona bakuli limejaa, alimleta Bwana Maji. Kuiba maji ya bomba kulikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo, nami nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

"Umefungua bomba," alisema Bwana Maji.

"Sijafungua, Bwana. Maji haya yametoka jikoni kwangu."

Akachovya kidole, akakinusa. Maji yalikuwa meupe kama tui jepesi.

"Mchele," alisema, akamgeukia nyapara. "Huyu mwache. Lakini nikikuta tone la bomba hapa, aondoke."

"Hulikuti, Bwana," nilijibu.

Nyapara hakunisamehe mpaka alipohamishiwa Kigoma. Mimi niliendelea na debe langu hadi mvua ilipogonga mabati. Siku hiyo nikamwambia Mama Zuhura amrudishie mbuzi maji yake.

Sasa nimestaafu, ninalima kijijini Ntalikwa. Vijana huniuliza nilipata faida gani kwa ndege wa Mzungu. Nawajibu kwamba miaka yote nililipwa kufyeka nyasi na kumwagilia waridi kwa amri ya mtu. Kiangazi kile hakuna aliyeniamuru. Hiyo ndiyo ninayoiita kazi yangu.