Beseni la Mama

Nilichaguliwa mwenyekiti wa maji wa ploti yetu mtaani Migosi kwa sababu moja tu: nilichelewa mkutanoni, na waliowahi walikuwa wamekwisha kukataa. Mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine ukakohoa hewa, na ziwa zima tunaliona kutoka ghorofani. Nikatunga sheria kwa bidii ya mtu asiyejua lolote. Kila nyumba mitungi mitatu ya maji ya tangi kwa siku. Kumwagilia maua marufuku. Atakayekiuka, atanyimwa maji wiki nzima. Ufunguo wa tangi niliuvaa shingoni, na kusema kweli niliringa nao.

Kwa mama, kule ufuoni, shida ilikuwa kinyume. Mvua zilizidi, ziwa likapanda, likaingia shambani, likaingia jikoni, mwisho likafunika kaburi la baba mbele ya nyumba. Mama aligoma kuhama mpaka kitanda kilipoanza kulowa. Akaja kwangu na nguo chache na beseni zito lililofunikwa leso, akaliweka kwenye veranda. Nikadhani ameleta mboga za kienyeji.

Wiki ya pili, jirani yetu muuza omena, dagaa wa ziwani, alinijia amekunja uso.

"Mwenyekiti, sheria ni msumeno. Kuja uone mama yako."

Tulimkuta akimwagilia beseni, kikombe baada ya kikombe. Ndani kulikuwa na udongo na ua moja la njano lililonyong'onyea.

"Mama, hii maji ni ya kunywa! Maua tulikataza."

"Hii ilimea kwa kaburi ya baba yako," alisema bila kugeuka. "Na hii mchanga ni ya hapo. Nyathina, mtoto wangu, huko maji imemfunika. Huku wewe unataka akauke?"

Jirani alitazama viatu vyake. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini sheria niliibandika mwenyewe getini, kwa herufi kubwa. Nikatangaza kwamba nyumba yangu haitapata maji ya tangi kwa wiki nzima. Mama akanipigia makofi, taratibu, kama anayempongeza mjinga.

Asubuhi yake nilikuta nusu mtungi wa maji mlangoni, na muuza omena akirudi kwake.

"Usioge na hiyo," alinionya. "Ni ya Mzee."

Kesho yake akaleta tena, na keshokutwa nyumba nyingine ikaleta. Wiki ile baba hakukosa maji hata siku moja. Aliyenuka ni mwenyekiti.