Nilivyojiandaa kwenda range mara ya kwanza, nikarudi na nyusi moja na nusu

Wakuu salama?

Naanza na aibu kabisa ili wa kucheka mcheke mapema. Siku yangu ya kwanza kwenda range kulenga shabaha, nilienda jicho la kushoto nimelibandika selotepu. Nikarudi nyumbani na nyusi moja na nusu.

Sijaongeza chumvi hata punje. Ushahidi bado unaota usoni, taratibu.

Mimi ni mlinzi. Shule niliishia form two, hesabu zilinishinda nikawaachia wenyewe. Mwaka wa sita huu nalinda duka la vitambaa Kariakoo, upande wa kutokea Mchafukoge. Silaha yangu ilikuwa kirungu na filimbi, na filimbi yenyewe ilishakata sauti.

Jirani yangu pale barazani ni fundi Athumani, yeye na cherehani yake nimewakuta.

Sasa mwenye duka, Mzee Kanti, akaiambia kampuni yetu anataka mlinzi mwenye bunduki. Supavaiza akaniita.

"Jumamosi kuna test range. Ukipita unabaki hapo. Ukifeli naleta mwingine, wewe nakutafutia lindo Kibaha."

Watu wa Kibaha sina ugomvi na nyie. Ila mimi nakaa Magomeni, kazini naenda kwa mguu. Halafu Mzee Kanti kila asubuhi ananiletea chai ya maziwa ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe. Lindo la hivyo hupewi mara mbili.

Basi nikaanza maandalizi. Nilikuwa na siku nne.

Nikaangalia video kwenye simu. Kila anayelenga kafumba jicho moja. Nikajaribu na mimi.

Wakuu, la kushoto likifumba, la kulia linafuata. Kama mapacha. Nimeishi miaka thelathini na nne sijui kama siwezi kukonyeza. Ndo nikaelewa kwa nini ujana wangu ulipita kimya kimya.

Fundi sikumwambia. Yule ukimpa siri saa tatu, saa nne imeshafika Ilala.

Nikawa nafanya mazoezi nyumbani, uani, na mpini wa fagio. Tumepanga nyumba ya vyumba sita, sisi na kina Mama Shamsa na wengine, ua ni wa wote. Asubuhi napiga mswaki, nakonyeza. Jioni nasubiri zamu ya bafu, nakonyeza.

Siku ya tatu mke wangu kaniita chumbani.

"Baba Nasra."

"Naam."

"Mama Shamsa katoka hapa sasa hivi. Anasema mume wangu anamkonyeza, leo siku ya pili. Na anamkonyeza kwa macho yote mawili, kwa hiyo kama ni ugonjwa nikupeleke hospitali."

Ikabidi nimweleze ukweli wote. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaenda kuniombea radhi kwa Mama Shamsa, akarudi na wazo la selotepu. Nalisema hili ili mjue sikuwa mjinga peke yangu mle ndani.

Jumamosi nikabandika, nikavaa miwani ya jua juu yake, nikaenda. Mbele ya kioo nilijiona komandoo kabisa.

Tulikuwa walinzi wanane. Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mpole kuliko nilivyotegemea. Kwanza akatufundisha usalama: mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha muda wote, kidole kikae mbali na trigger mpaka useme "tayari" na yeye akujibu. Hapo nilikuwa vizuri, hata maswali nilijibu.

Zamu yangu ikafika.

"Vua miwani."

Nikavua. Akanisogelea usoni.

"Jicho limefanyaje?"

"Halifumbi, Afande."

"Kwa hiyo ukalifunga kama mzigo wa mkoani?"

Wenzangu saba walikuwa wameamriwa kusimama wima. Hakuna aliyebaki wima.

Akaivuta selotepu mwenyewe, mara moja. Nusu ya nyusi ikabaki naye.

"Nani kakwambia ufumbe? Mlinzi ukifumba jicho, upande ule nani anaulinda? Acha yote wazi."

Risasi tano. Ya kwanza bunduki ilinisukuma bega, risasi ikaenda kusalimia majani. Nikapumua, nikaiwaza ile chai ya tangawizi. Nne zilizobaki zote zikaingia kwenye karatasi.

"Umepita," akasema. "Nyusi itaota."

Nilichojifunza: uliza kwanza. Mimi siku nne najitesa na kitu ambacho hakuna mtu aliniagiza, nusura nivunje na ndoa mbili, ya kwangu na ya Mama Shamsa.

Mliowahi kwenda range, mlijiandaaje siku ya kwanza? Tupieni na za kwenu hapa, aibu hii ni nzito kubeba mwenyewe.

Jumatatu nikarudi barazani na bunduki yangu begani. Chai ikaja kama kawaida. Fundi Athumani akaniangalia usoni, akauliza nyusi imekwenda wapi. Nikamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho.

Hakucheka. Alichukua uzi, akaulowesha ncha mdomoni, akautia kwenye tundu la sindano mara moja tu. Halafu akanigeukia.

"Sheikh, miaka sita unakaa pembeni yangu natunga sindano. Ushaniona nimefumba jicho hata siku moja?"