Divai Iliyoamshwa

Chupa ilikuwa moja tu. Bwana aliyekuwa akipima mito ya bonde letu aliileta kutoka kwao Ulaya mwaka aliofika Ifakara, akailaza katika sanduku la makapi ya mpunga, kwenye chumba kisichopata jua, na miaka yote aliyokaa nasi hakuigusa. Baba yangu, mpishi wake, ndiye aliyekuwa akinyunyizia makapi yale maji wakati wa kiangazi ili divai isipate joto. Nyumbani tuliizungumzia chupa ile kama watu wanavyomzungumzia mgonjwa wa jirani, kwa sauti ya chini na bila kuuliza mengi.

Kisha bwana akaambiwa arudi kwao. Wa kumrithi angefika Jumapili, ale chakula cha mchana, aione nyumba, amwone mpishi. Huyo mgeni alikuwa amekwisha kusema kwamba anaye mpishi wake Morogoro, ila wa Ifakara akimridhisha hatajisumbua kumhamisha yule. Mlo mmoja, basi. Baba alikuwa na mguu uliovunjika zamani ukaunga vibaya; asingeweza kurudi kusimama kutwa kwenye tope la mpunga. Yeye alijua, mama alijua, na mimi niliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu nilijua. Hatukulitaja.

Bwana alimfundisha Baba mwenyewe. Divai nyekundu iliyozeeka huweka mashapo chini, alisema, kama mto maji yakishatulia. Isimamishwe siku mbili bila kuguswa. Kizibo kitolewe taratibu, divai imiminwe kwenye jagi la kioo mbele ya mshumaa, na wingu la kwanza likifika shingoni mwa chupa, mkono usimame hapo hapo. Kinachobaki kimwagwe. Baba alifanya mazoezi kwa chupa ya maji yaliyotiwa udongo, mpaka akaweza kuliacha tope lote ndani ya chupa.

Jumapili, bwana alipokwenda kivukoni kumpokea mgeni, mama alitoka misa akapitia jikoni kutusaidia. Baba nami tukaenda bustanini kuchuma nyanya. Mama akabaki na chupa, iliyokuwa imesimama mezani tangu Ijumaa.

Mama alikuwa mpika pombe, na watu walitoka hata kijiji cha Katindiuka kuja kunywa kwake. Kwetu pombe haitolewi kabla ya kukorogwa. Kata inashuka mpaka chini ya chungu, machicha yanapanda, kila mtu anapata sehemu yake. Ukimchotea mgeni maji ya juu, ukaacha uzito umejificha chini, umemwambia anywe aende zake. Mama aliiona chupa ile imesimama, nguvu yake yote imekaa kwenye kitako. Akaona mumewe amesahau, akamwonea huruma.

Tuliporudi alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anaipindua kichwa chini, polepole, kwa adabu kabisa.

"Nimekuta kinywaji kimelala," alisema. "Nimekiamsha."

Baba hakupiga kelele. Aliziweka nyanya mezani moja moja, akaichukua chupa, akaielekeza dirishani. Ndani mlikuwa na mto wa Kilombero wakati wa masika. Alifungua mdomo kusema neno, na wakati huo huo tukasikia gari linaingia uani.

Mama aliuliza amefanya nini. Nilipomweleza alikaa juu ya kinu akajifunika uso kwa khanga. Baba alichuja divai kwa kitambaa safi, ikatoka na wingu lake vile vile. Hapakuwa na muda wa kuisubiri itulie. Akavaa kanzu yake nyeupe, akafunga vifungo vyote, akabeba jagi. Mimi nikamfuata na sinia la kuku.

Alimimina kidogo kwenye glasi ya bwana, kama alivyofundishwa, akarudi hatua moja nyuma. Bwana aliinua glasi kwenye mwanga. Akaiweka chini bila kuonja.

"Nani ameitikisa?"

"Ni mimi, bwana."

"Wewe? Niliyekufundisha mwenyewe?"

"Mimi."

Mgeni akauliza kuna nini, akaelezwa. Akasema kwa Kiingereza, akidhani hakuna anayemwelewa, kwamba mtu asiyeweza kuiacha chupa isimame siku mbili ataachiwaje nyumba. Mimi wa chuo nilielewa kila neno; nikaliweka sinia mezani.

Ndipo mama akaingia, miguu mitupu juu ya sakafu ambayo hakuwahi kuikanyaga. Alipiga goti kidogo, akawaamkia.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Mgeni hapewi maji ya juu."

Kisha akafanya kile ambacho kwetu mwenye pombe lazima akifanye mbele ya wageni, ili wajue hakuna ubaya ndani. Alichukua glasi ya bwana, akaonja, akafuta ukingo kwa khanga yake, akairudisha mahali pake. Siku zile mtu mweusi kukutwa na harufu tu ya kinywaji cha Kizungu kulitosha kumpotezea kazi. Nilimwangalia Baba. Alikuwa akitazama ukuta.

"Haina ubaya," mama alisema. "Kunyweni."

Bwana aliivuta glasi kwake. Halafu akajaza glasi ile ile, akanywa, akafumba macho. Akainua jagi kumpa mwenzake. Mgeni akaifunika glasi yake kwa kiganja.

Kwetu, anayefunika chombo baada ya mwenye pombe kuonja amemwita mchawi. Mama aliinamisha kichwa akatoka. Baba alibaki. Aligawa kuku, akaondoa sahani, akaleta kahawa, mkono wake umetulia kuliko siku zote. Mlangoni bwana alimwambia, huku akitazama viatu vyake mwenyewe, kwamba yule wa Morogoro ndiye atakayekuja.

Tulirudi kwa miguu, mpunga pande zote mbili za njia, milima ya Udzungwa imekaa mbali kama moshi. Mama alikuja nyuma yetu, akisubiri kugombezwa. Baba, mguu wake ulipomchosha, alisimama, akamngoja mama amfikie.

"Ilikuwaje?"

"Nini?"

"Ile divai. Nimemimina miaka yote hii, sijawahi kutia mdomoni hata tone."

Mama alifikiri.

"Mwanzo inakukaza ulimi, kama ganda la ndizi mbichi. Halafu inakuachia. Halafu inakuja ladha nyingine nyuma yake, kama zambarau zilizoiva zikaanguka zenyewe, pamoja na udongo wake."

"Na mwisho?"

"Haijaisha. Mpaka sasa ninayo."

Baba akainama, pale njiani, mchana kweupe, mbele ya mtoto wake mkubwa, akaweka pua yake karibu na mdomo wa mama. Nikageukia mpunga.

"Umenikasirikia, baba watoto?"

"Ngoja," alisema. "Bado nanusa."