Vipele vya Koki

Mtaa mzima ulimwita Koki, na jina likamkaa. Miaka ishirini na minane alizibua masinki ya watu na kuunga mabomba yao, na hakuna nyumba aliyoiacha ikivuja isipokuwa yake. Koki ya jikoni kwake ilianza kudondosha maji mwaka ambao binti yao wa mwisho alianza shule, na sasa binti huyo ameshaolewa. Akikumbushwa, hujibu kwamba mganga hajigangi. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, aliweka ndoo chini ya koki hiyo na kuacha kusema.

Kwenye ugonjwa hakuacha kusema. Koki alipoanza kuona damu chooni alijiambia ni pilipili, na pilipili hiyo ikaendelea miezi minane mpaka mkewe alipomburura hospitali. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Wakakata kipande cha utumbo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Bahati yake ni kwamba nyama iliyokatwa ilipopimwa, saratani ilionekana ina kasoro fulani ambayo kuna vidonge vya kuilenga.

Daktari, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno, siku hiyo alirudia mara tatu. Vidonge vinaziba njia inayouambia ugonjwa ukue. Vikiwa peke yake, ugonjwa huzunguka na kupita pembeni. Kwa hiyo kuna dripu, kila baada ya wiki mbili, ya kuziba hapo pembeni.

"Viwili vinakwenda pamoja," alisema. "Dripu itamfanya atokwe na vipele usoni. Msiviogope."

Koki akaitikia kwa kichwa, na mkewe, kwa ujinga wake mwenyewe kama anavyosema hadi leo, akaamini kwamba mumewe ameelewa.

Vipele vikaja kweli, usoni, shingoni, mpaka kifuani. Picha ya kwanza ikaonyesha madoa ya kwenye ini yamesinyaa karibu nusu. Mke alilia kwa furaha palepale kwenye korido. Koki alikuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Wiki hiyo mteja mmoja alikuwa amemwambia asiguse tanki lake la maji ya kunywa, na mwingine alimuuliza akiwa nyuma ya mlango kama vitu hivyo vinaambukiza.

Kila Alhamisi ya dripu, mke alimsindikiza hadi getini, kisha akarudi mbio kwenye cherehani yake. Jioni Koki alirejea amechoka na kusema mambo yamekwenda vizuri. Baada ya mwezi na nusu uso wake ukawa laini. Majirani wakampongeza.

"Wifi, umempaka nini kaka yangu?" dada yake Koki aliuliza. "Amekuwa bwana harusi."

Mke hakucheka. Siku hiyo alikata kitambaa cha sketi vibaya mara mbili. Alhamisi iliyofuata alimwacha Koki getini, akahesabu dakika ishirini, akaingia wodini.

"Mume wangu yuko kitanda gani?"

"Fundi?" nesi aliuliza. "Yuko choo cha wanaume, anatufungia sinki."

"Na dripu yake?"

"Mama, si daktari amempumzisha? Alituambia mwenyewe. Hii ni Alhamisi yake ya nne bila dripu. Lakini hajatutupa, tangu aanze kuja na spana zake maji yanatoka wodi nzima."

Maji yalikuwa yanatoka, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumuuliza daktari. Mke alimkuta mumewe amelala chali chini ya sinki, miguu nje, anapiga mluzi.

"Toka huko."

Mluzi ukakatika. "Mama watoto, ngoja nikaze nati hii moja."

"Toka nisije nikakukaza wewe."

Akatoka, amelowa kifua. Akajieleza kwa utulivu, kama anavyowaeleza wateja. Vidonge anameza, hajaruka hata kimoja. Uvimbe umeshasinyaa. Bomba moja halifungwi valvu mbili, huko ni kupoteza vifaa tu. "Na sura nayo," akasema, akijipapasa shavu.

"Ukiziba maji hapa, hayatokei kule?" mkewe aliuliza. "Si wewe unayewaambia watu hivyo miaka yote? Sikio la kufa halisikii dawa."

Aliposema hivyo alitamani ayameze maneno.

Picha mpya ikaonyesha madoa yamekua, na moja ni jipya. Daktari hakugomba. Alichukua damu.

"Hii itatuambia kama ugonjwa umepita palepale tulipopaacha wazi, au umejifungulia njia nyingine," alisema. "Kama ni palepale, tunarudisha dripu. Kama ni kwingine, dawa nilizobaki nazo si nyingi."

Majibu yangechukua wiki mbili. Mke alishona sare kwa hasira, bila kumsemesha mumewe zaidi ya kumkaribisha chakula. Siku ya tisa aliingia jikoni akahisi kuna kitu kimepungua. Ndoo ilikuwa kavu. Koki alikuwa ameitengeneza koki, na kufuta ukuta nyuma yake, na kupanga spana zake zote mezani kwa ukubwa. Hasira yote ikamtoka mke, akabaki na hofu tupu. Huyu mtu alikuwa anamaliza kazi zake.

Majibu yakaja. Hakukuonekana njia mpya. Daktari akarudisha dripu, akasema hana ahadi ya kutoa zaidi ya hiyo.

Safari hii mke hakuishia getini. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mfuko wa spana za mumewe mapajani mwake, akitazama dawa ikishuka.

"Vitarudi vipele," Koki alisema.

"Virudi."

Mke akaupapasa mfuko wa spana.

"Ukifika nyumbani," mke alisema, "ilegeze ile koki ya jikoni."

"Si nimeshaitengeneza?"

"Najua. Ilegeze ivuje kidogo. Utaitengeneza mwakani."